Jina Lililoazimwa Miaka Kumi

Asubuhi ile Sikitu alishona mto mmoja mara tatu, na mara zote tatu akaufumua. Sufi ilitoka ndani ya mto ikapaa chumbani, ikamkaa kwenye nyusi, ikamwingia puani, akapiga chafya, akaanza upya. Alikuwa fundi wa magodoro na mito tangu usichana wake, na watu walimletea kazi kutoka mitaa ya mbali. Lakini siku ile uzi ulikwenda kushoto yeye akiutaka kulia, na sindano ilimchoma kidole kilekile mara mbili. Wee mwanamke, una nini, alijiuliza kwa sauti. Lakini alijua vizuri ana nini. Zilikuwa zimebaki siku sita miaka kumi itimie.

Haya, tusiende mbio, maana najua wengine hamjafika huko. Katika nchi ile, na msiniulize iko wapi, mimi mwenyewe niliifikia mara moja tu nikiwa na homa, mtawala hapewi taji wala mkuki. Anaazimwa jina. Jina lenyewe ni lake, alilopewa na mama yake, ila siku anapokalia kiti wenzake wote wenye jina hilo wanalivua na kuliacha katika Nyumba ya Majina, ili likitajwa nchi nzima ijue anayetajwa ni mmoja tu. Miaka mitano. Akipendeza, mitano mingine. Baada ya hapo wote wanarudi mbele ya meza ndefu, jina linaitwa, kila mwenyewe anaitika labeka na kuondoka nalo, na wa mwisho kuitika ni mtawala, miguu mitupu, mtu kama watu. Akishaitika pale mezani, basi, utawala wake umekwisha. Hiyo ndiyo sheria yote, na kwa vizazi vingi hakuna aliyeona haja ya kuirefusha.

Mtawala wa wakati huo aliitwa Shomari, na alipokalia kiti walikuwapo Shomari wengine arobaini na mmoja. Walivua jina lao wakaenda zao, na watu wakawa wanawaita Fulani: Fulani wa Mkaa, Fulani Kinyozi, Fulani wa Ng'ambo. Mwanzoni ilikuwa mzaha, walitaniana sokoni, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake. Kufika mwaka wa tano mzaha ulikuwa umekwisha utamu. Fulani Kinyozi alimweleza mkewe kwamba akijitazama kwenye kioo cha kazini anaona kichwa cha mteja. Mwaka wa nane Fulani wa Mkaa alipotea njia ya kwao mchana kweupe, akaulizwa anamtafuta nani, akasema hata yeye angependa kujua.

Mmoja wa wale arobaini na mmoja alikuwa mtoto wa Sikitu, wa pekee. Na kwa kuwa huko, kama kwetu, mwanamke akishazaa huitwa kwa mwanawe, Sikitu naye aliingia katika hasara ile. Alikuwa Mama Shomari, akawa Mama Nanihii. Alizoea. Alijiambia ni miaka mitano, kisha akajiambia ni kumi, na mwanawe alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, ana muda wote duniani wa kulitumia jina lake akishakuwa mtu mzima.

Mwaka wa sita wa utawala ukaja ukame, ukakaa miaka miwili. Kijana alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa. Aliteremka kisimani na kamba kiunoni ili achimbe chini zaidi, udongo ukaporomoka, wakamtoa jioni yake akiwa amekwisha poa. Sasa, huko kuna jambo wanalolifanya kaburini. Mama husimama akaliita jina la mwanawe mara moja, kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula, na waliohudhuria wote hushika pumzi. Haitikiwi. Ukimya ule ndio unaomwambia mama kwamba mwanawe ameondoka kweli, na asiyeusikia huendelea kusubiri hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyemwosha maiti. Sikitu hakuita. Aliite jina gani? Halikuwa lake wakati ule, lilikuwa la mtu mwingine. Wakafukia, wakaweka kibao kitupu, wakamwambia avumilie miaka minne tu. Tangu siku hiyo alipika chakula cha watu wawili, na kila usiku alikifunika kile cha pili kwa kawa, na kila asubuhi aliwapa kuku.

Kuna mara moja alijaribu. Alifunga mlango, akafunga dirisha, akalitamka lile jina polepole kinywani mwake. Kilichomjia machoni si mwanawe. Ilikuja ile sura ya kwenye mabango, yenye mashavu na tabasamu la kupigwa picha, ikaenea chumba kizima. Sikitu aliketi juu ya gunia la sufi, hasira imemjaa. Alikuwa amejua kwamba jina limechukuliwa. Hakuwa amejua kwamba ndani yake mmehamishwa mtu na kuwekwa mwingine. Tangu hapo hakujaribu tena, akawa anahesabu siku.

Basi, zikiwa zimebaki siku sita, ndipo alipokuja Bwana Lugendo, mtunza majina. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kola iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, na alikuwa na tabia ya kuegemeza kitabu chake kikubwa kifuani kama mtu anayembeba mtoto mgonjwa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alizungumzia hali ya hewa, akazungumzia bei ya sufi, akamsifia Sikitu kwa usafi wa nyumba ambayo ilikuwa imejaa manyoya ya sufi kutoka sakafuni hadi darini. Halafu akasema alilotumwa. Baraza limekutana. Limeona kwamba ile miaka miwili ya ukame haikuwa miaka hasa. Mvua haikunyesha, mavuno hayakuvunwa, sasa mwaka usiokuwa na mavuno utauitaje mwaka? Imefutwa. Na muhula uliokatika katikati si muhula. Kwa hiyo Mtukufu ametumikia muhula mmoja tu, na wa pili ndio kwanza unaanza.

Sikitu alimwuliza kama amekunywa. Bwana Lugendo alisema hapana, kwa huzuni, kama mtu anayetamani angekuwa amekunywa.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, aliendelea, na hiki hata Baraza halikuweza kukiruka. Jina haliazimwi tena mpaka wenyewe wakubali, mmoja mmoja, mbele ya meza. Akikataa mmoja, linarudi kwa wote. Arobaini wameshakubali. Wako waliokubali kwa woga, wako waliokubali kwa uchovu. Fulani Kinyozi alisema bila kuficha kwamba hata akirudishiwa hajui atalifanyia nini. Amebaki mmoja, mwanao. Mimi, alisema Bwana Lugendo, nilitaka kuandika kwamba ni marehemu, mama yake ajibu kwa niaba yake, tumalize. Nimeshindwa. Nikitafuta mwaka aliokufa, siuoni.

"Bwana Lugendo," Sikitu alisema, "mwanangu mlimzika nyinyi. Wewe mwenyewe ulishika jembe."

Bwana Lugendo alitazama sufi iliyokuwa inatua taratibu juu ya kitabu chake. "Nilishika. Lakini mwaka wenyewe, mama, haupo."

Walikuwa wamefuta miaka bila kuangalia kilichokuwa ndani yake. Ndilo kosa lao, na ni kosa ambalo watu wenye haraka ya kubaki hulifanya. Kwa kitabu cha serikali, kijana yule hakufa. Ana miaka ishirini na mitatu, hajulikani aliko, na anatakiwa afike mwenyewe. Ataitwa mara tatu. Asipoitika, jina litahesabiwa halina mwenye kulidai, litabaki kwa Mtukufu. Na wa kumwita ni yule aliyempa jina, ndivyo sheria inavyotaka. "Usipomwita wewe," alisema Bwana Lugendo akiinuka, "atamwita askari wa mlangoni." Akaondoka, na sufi ilikuwa imemganda mgongoni, naye hakujua.

Zikaja siku sita, ama zilikuwa mbili, ama ilikuwa moja iliyokataa kwisha. Nchi ile ilikuwa imeanza kuyumba. Ukiondoa miaka katikati, vilivyoko huku na huku havikai tena sawa. Watoto waliozaliwa wakati wa ukame walianza kuonekana kwa shida, mama anamwona wake akicheza uani kama yuko nyuma ya pazia. Ndoa zilizofungwa miaka ile zilitanguka bila ugomvi. Mume anaamka, anamwomba radhi mwanamke aliye kando yake, anatafuta viatu. Mtu aliyevunjika mguu wakati ule aliendelea kuchechemea lakini hakumbuki kwa nini. Na kila mtu alikuwa na haraka, wanatembea mbio barabarani, wanafika mwisho wa barabara, wanarudi.

Sikitu naye alianza kuona mambo. Na hapa nitasema ukweli wake, ingawa haumpendezi: ule uongo ulimfaa.

Kama mwaka ule haupo, udongo haukuporomoka.

Kama haukuporomoka, nilimwosha nani?

Na kama sikumwosha yeye, yuko wapi, mbona hajaja kula?

Mtu mrefu hivi. Atakuwa ameota ndevu sasa. Zake zingekuwa chache, za baba yake zilikuwa chache.

Lo, mbona hajaja?

Alifua shati lake la zamani, akaliona dogo, akafungua mishono ya mabegani ili aliongeze. Siku ya tatu alimwona kijana akipita dirishani, magoti yana udongo mbichi, akatoka mbio bila viatu, akamshika mkono. Alikuwa mchimba mitaro. Kijana wa watu alisimama kwa adabu mpaka yule mama alipomwachia. Sikitu alirudi ndani akalikunja shati, akalikunjua, akalikunja. Aliona jinsi wenye nguvu walivyouingiza mkono ndani ya kifua chake: hawakumnyang'anya, walimpa. Walimpa mtoto aliye hai kwenye karatasi, na alichotakiwa tu ni kukubali kutokuwa na hakika milele. Wangapi mtaani mle walikuwa wamepokea kitu cha namna hiyo, alijiuliza, kila mtu chake, kila mtu kimya kimya? Ndiyo maana hawasemi. Hawaogopi fimbo peke yake. Wanaogopa ukweli ukirudi utaondoka na kila walichopewa.

Na kwa nini kumi? Swali hili lilimzunguka kichwani akaenda nalo jikoni, akaenda nalo kisimani. Kwa nini si saba, kwa nini si thelathini? Wako wanaosema waliotunga sheria walihesabu kwa vidole vya mikono, wakafika mwisho, wakaona uvivu kuvua viatu. Wako wanaosema ni kumhurumia mtawala asichoke. Sikitu aliguna. Mtawala hachoki, wanaochoka ni wanaomtazama. Alimfikiria mtoto anayezaliwa siku mtawala anapokalia kiti. Akiwa na miaka mitano anajua kuwa yuko mtu anaitwa Mtukufu. Akiwa na kumi anaanza kuuliza: na zamani alikuwa nani? Na baada yake nani? Ndio umri wa maswali hayo, hauji mara mbili. Ukimwacha mpaka kumi na tano bila kumwonyesha jibu, haulizi tena, ameshamweka Mtukufu pamoja na jua na mvua, vitu ambavyo vipo tu. Yule aliyeitunga sheria, awe nani, alitaka kila mtoto aone, angalau mara moja kabla hajaota ndevu, mtu mzima mwenye nguvu zote akiuvua ukubwa wake mbele za watu na kurudi nyumbani kwa miguu. Asiyewahi kuona hivyo hawezi kujua kwamba inawezekana, na akija kukalia kiti yeye, hatajua jinsi ya kushuka.

Siku ya meza ilifika, saa tano asubuhi, jua kali. Sikitu alikwenda Nyumba ya Majina na manyoya ya sufi bado yamo kwenye ushungi wake. Ukumbi ule aliukumbuka ulikuwa wa hatua ishirini. Siku ile alitembea, akatembea, kuta zinakwenda naye, na pande zote mbili wamepangwa wale Fulani arobaini, kila mmoja ameangalia vidole vya miguu yake. Alipofika mezani Bwana Lugendo alikuwa amefungua kitabu. Nyuma ya meza, kwenye kiti, alikuwapo mwenyewe Mtukufu. Hakufanana na mabango. Alikuwa mnene wa mwili na mwembamba wa shingo, na macho yake yalikuwa hayatulii, yanatazama mlango, yanatazama dirisha, kama abiria anayedhani ameachwa.

Aliinuka, jambo ambalo halikutarajiwa, akaja upande wa Sikitu wa meza. Akamsalimu shikamoo. Ukumbi ulisikia. Sikitu aliitikia marahaba kwa mazoea. Mtukufu alimweleza kwa upole kwamba anajua uchungu wake, kwamba miaka mitano si kitu, kwamba ana madaraja hajayamaliza na mabomba hayajafika vijijini, na kama visima vya miaka ile vingekuwa na mabomba, basi. Hakumalizia. Akamwuliza, ubaya uko wapi, mama, nikiendelea kidogo?

Sikitu alikuwa hajajiandaa kusema. Lakini aliulizwa, na yeye ni fundi, akajibu kifundi. Alisema watu wanamletea magodoro. Godoro la mtu mmoja, akililalia miaka mitano, linafanya shimo la mwili wake. Unalifumua, unaianika sufi juani, unaichambua, inarudi kuwa sufi. Akililalia kumi, bado inawezekana, ila mkono unauma. Ukiletewa lililolaliwa zaidi ya hapo, sufi imeshashikana, imekuwa bonge. Hata ukimlaza mtu mwingine, anaporomoka mle mle kwenye shimo la wa kwanza, anaamka na maumivu ya mgongo ya mtu asiyemjua.

"Sisemi wewe mbaya," alisema. "Nasema umelala sana."

Mtu mmoja katika wale Fulani alikohoa. Mtukufu hakukasirika, na hili lilimkosesha raha Sikitu zaidi kuliko kama angekasirika. Alisogea karibu akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo haikuwa ya hotuba:

"Nikishuka pale, mama, nitakuwa nani? Mama yangu alikufa mwaka wa tatu. Walinzi walimfundisha namna ya kunisalimu. Aliniita Mtukufu, akakata roho. Hakuna aliyebaki wa kuniita."

Sikitu alimtazama. Alitaka kumchukia vizuri, kwa ukamilifu, na aliona anaharibiwa kazi. Kumbe mtu huyu jina alilolichukua kwa watu arobaini na mmoja hakulitumia hata yeye. Liliwekwa juu, kila mtu akalizunguka, na chini yake akakaa mwanamume mzima anaogopa kwenda nyumbani. Lakini mwanangu? alifikiri. Wewe unaogopa kuwepo bila kuitwa. Mimi nina mtoto ambaye hayupo na sijamwita. Akageuka akamwambia Bwana Lugendo kwamba yuko tayari.

Bwana Lugendo alisoma maneno ya sheria. Mwenye jina aitwe mara tatu. Anayeitika mbele ya meza hii amelichukua jina lake, na ameondoka nalo. Asiyeitika hana jina.

Sikitu alisimama. Alijua atakachokisikia, na alikuwa hataki kukisikia, na hakuwa na kitu kingine duniani anachokitaka. Akafumba macho ili yale mashavu ya mabango yasimjie. Hakumwita kijana wa miaka ishirini na mitatu wa kwenye kitabu. Alimwita mtoto wake, yule aliyekuwa anachelewa kurudi michezoni, chakula kinapoa, na mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi, amekasirika kidogo lakini si sana.

"Shomari! Ee, Shomari! Njoo ule, baba."

"Labeka, mama."

Ilitoka haraka, kwa sauti nyembamba, kabla pumzi yake mwenyewe haijakwisha. Sikitu alifumbua macho na moyo ulikuwa umeshamruka mpaka mlangoni. Akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akatazama mbele yake. Mtukufu alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, mtu mzima, na macho yamemtoka. Miaka kumi hakuitwa na mtu, na miaka saba hakuwa na mama, na jina lilipopita karibu yake kwa sauti ile, utoto ukamjibia.

Kalamu ya Bwana Lugendo ilianguka. Akaiokota, na mimi nasema ilikuwa siku ya pekee ya ushujaa katika maisha yake yote, maana hakumtazama mtu, aliandika: ameitika. Wajumbe wa Baraza walisimama wakisema haikuwa yeye, haikuwa kwa nia, haikuwa zamu yake, yeye huitika wa mwisho. Mmoja alitaka dakika ile ifutwe. Lakini wale Fulani walikuwa wamesikia. Ikaanza kwa Fulani wa Mkaa, akasema labeka kwa sauti ya kujaribu, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umekufa ganzi, kisha akasema tena kwa nguvu. Akafuata Kinyozi, akafuata wa Ng'ambo, mara ukumbi mzima unaitika, labeka, labeka, wanaume arobaini wanalia na kucheka na kuvutana mashati na kuitana, Shomari, nani mimi, wewe, hapana wewe. Kuta zilirudi mahali pake. Nje, mama mmoja alipiga ukelele wa furaha kwa sababu mwanawe wa miaka minne alikuwa amesimama katikati ya ua, anaonekana wazi, na kamasi zake.

Miaka miwili ilikuwa imerudi, na vyote vilivyokuwa ndani yake. Watu walimbeba Bwana Lugendo. Walitaka kumbeba na Sikitu, akawapiga mikono.

Yeye hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa amekasirika. Kwa pumzi moja, kwa muda wa kufumbua jicho, alikuwa amesikia mtoto wake akimwitika. Ule ukimya aliousubiri miaka minne ulikuwa umejazwa na mtu mwingine, na sasa umejazwa na watu arobaini. Alimwendea yule mtu mnene aliyesimama peke yake kando ya kiti, ambaye sasa hakuna aliyemwangalia.

"Sikukuita wewe," alimwambia.

"Najua," alisema Shomari. "Nisamehe. Ilinitoka."

Alikuwa ameinama anavua viatu, kama sheria ilivyotaka, na mikono yake ilikuwa mizito kwenye kamba. Alipomaliza alimtazama yule mama usoni, na nadhani ndipo alipoelewa alichokuwa amekichukua hasa. Alikwenda miguu mitupu katikati ya ukumbi. Hakuwa tena na haki ya kumwamrisha mtu. Aliwashika mabega mmoja mmoja, akawanong'oneza, na kila aliyenong'onezewa alimgeukia Sikitu akanyamaza. Ilichukua muda. Walikuwa na furaha nyingi, na hawakuwa wamelisikia jina lao kwa miaka kumi, na aliwaomba jambo gumu.

Ukumbi ulipotulia, Sikitu alifumba macho tena. Safari hii alikuja bila shida, kijana wa miaka kumi na tisa, kamba kiunoni, anacheka na wenzake mdomoni mwa kisima.

"Shomari!" aliita. "Shomari, baba, njoo ule!"

Wanaume arobaini na mmoja walimsikia. Kila mmoja jina lilimfika kifuani, jipya, lake, na kila mmoja alifunga mdomo akalizuia. Kinyozi aliuma kidole. Fulani wa Mkaa, ambaye sasa hakuwa Fulani wa mtu yeyote, alitikisika mwili mzima. Yule mnene aliinamisha kichwa.

Mama Shomari alingoja. Alingoja mpaka akasikia nzi kwenye dirisha, na mtu akivuta maji mbali huko nje. Hakuna aliyeitika.

Basi akajua kwamba amekufa, akakaa chini sakafuni, akaanza kulia.